Saspensheni inayojirekebisha kwenye gari la spoti: uilipie au uiache?

Ukisimama kando ya barabara ya Nyali jioni ya wikendi utayaona yakipita: Golf GTI, Subaru WRX, Mark X zilizoshushwa chini, BMW za milango miwili, na mara moja moja Porsche ambayo kila mtu huigeukia. Zamani gari la spoti lilikuwa la mwenye hoteli au mwenye meli. Leo kijana aliyejinyima miaka michache huagiza la kwake kutoka Japani au Uingereza na likashushwa hapa hapa Kilindini. Na katika kuchagua, kuna jambo moja linalowatatiza wengi kwa sababu bei yake huonekana lakini lenyewe halionekani. Nalo ni saspensheni inayojirekebisha.

Muuzaji atakwambia gari hili ni sawa na lile, mwaka mmoja, injini moja, rangi moja, ila hili "lina kila kitu". Ukimbana aeleze hicho kila kitu, atakuonyesha kitufe. Ukikibonyeza gari huwa laini, ukikibonyeza tena huwa gumu. Kwa hicho kitufe unaongezewa bei.

Rai yangu niitoe mapema ili asiye na muda asipotee. Mfumo huu ni mzuri kweli, si urembo. Lakini kwa gari lililotumika, kwenye barabara zetu na hewa yetu ya chumvi, unafaa kulipiwa pale tu unapofanya kazi sawasawa siku ya kununua, gari limevaa rimu za saizi ya kiasi, na wewe mwenye gari una pesa za kuubadilisha utakapochoka. Ukikosa moja katika hayo, chukua lile la kawaida na baki ya pesa uiweke kwenye matairi.

Nalisema hili kwa sababu mpwa wangu amerudi kutoka Doha baada ya mkataba wake kwisha, na akiba yake yote ya miaka minne ameikusudia gari. Huko alikuwa akiendesha gari la tajiri wake lenye mfumo huu, na akaupenda. Sasa ana Golf GTI mbili mbele yake katika yadi moja hapa mjini, zote za mwaka mmoja. Moja ina saspensheni inayojirekebisha na rimu za inchi 19. Ya pili ni ya kawaida na ina rimu za inchi 18. Swali lake kwangu lilikuwa fupi: "Mjomba, nichukue ipi?" Gari hilo hilo ndilo atakalompeleka mamake kliniki, na mamake ana maumivu ya mgongo ya siku nyingi. Kwa hivyo hapa hatuzungumzii mchezo wa vijana peke yake.

Tuanze na kazi ya vyuma vyenyewe. Springi hubeba uzito wa gari. Gurudumu likipanda kitu, springi hubonyea, kisha hutaka kurudi. Ukiiacha peke yake, itarudi na kupita kiasi, ibonyee tena, irudi tena, na gari litadunda kama ngalawa kwenye mawimbi ya kusi. Kinachozuia kudunda huko ni shokomzoba, au shoki kama mafundi wanavyoziita kwa mkato. Ndani yake mna mafuta na pistoni yenye vitundu. Pistoni ikisukumwa, mafuta hulazimika kupenya katika vitundu hivyo, na tabu hiyo ya kupenya ndiyo inayoua mdundo. Vitundu vikiwa vikubwa, gari huwa laini lakini hulala kwenye kona na kuinamisha pua ukishika breki. Vikiwa vidogo, gari hutulia kwenye kona lakini kila kokoto unalihisi uti wa mgongo.

Mtengenezaji wa gari la kawaida hulazimika kuchagua kiasi kimoja cha kati na kuishi nacho. Mtengenezaji wa gari la spoti huvuta upande wa ugumu. Saspensheni inayojirekebisha inamwondolea kazi ya kuchagua: ndani ya shoki, au ubavuni mwake, mnawekwa vali ya umeme inayopanua na kubana njia ya mafuta. Sensa hupima bodi imepanda au imeshuka kiasi gani na kwa kasi gani, kompyuta hupiga hesabu, na kila shoki hupewa amri yake, mara nyingi kwa kila sekunde. Ukienda moja kwa moja kwenye lami nzuri, huachia. Ukikata usukani ghafla kumkwepa bodaboda, hubana shoki za upande wa nje kabla bodi haijawahi kulala.

Wengine hawatumii vali kabisa. Kuna mfumo ambao mafuta yenyewe yametiwa chembechembe za chuma. Umeme ukipita kwenye koili, chembe hizo hujipanga na mafuta huwa mazito papo hapo. Gari la kwanza kuuzwa na mfumo huo lilikuwa Cadillac Seville STS la mwaka 2002, na baadaye Audi TT, R8 na hata Ferrari zikauvaa. Na kama unadhani hizi ni habari za jana tu, Toyota ilikuwa na shokomzoba za kubadilishwa ugumu kwa umeme kwenye Soarer tangu mwaka 1983. Baadhi ya Mark X na Crown zinazozunguka mjini humu zina mfumo wa aina hii, na wenyewe hawajui. Volkswagen ilianza na Passat CC mwaka 2008, kisha ikauteremsha kwenye Golf. Huko huitwa DCC, na ndio ulio kwenye gari linalomvutia mpwa wangu.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalielezi, na ndilo linaloleta majuto. Mfumo huu hubadilisha ugumu wa shoki tu. Springi ni zile zile. Gari haliinuki hata nusu inchi. Kuinuka ni kazi ya magari yenye springi za upepo, na hayo ni mengine na yana gharama zake nyingine, kubwa zaidi. Kwa hivyo aliyenunua akitaraji kwamba akibonyeza kitufe cha ulaini atavuka matuta bila kukwaruza tumbo, amejidanganya. Tena ukilainisha, gari hubonyea zaidi linapoteremka tuta, na pua hukaribia lami zaidi. Kwa wanaovuka Likoni kila siku, ile pembe ya kupanda na kushuka feri haijali una kitufe gani. Pale panaulizwa urefu wa gari kutoka chini na urefu wa bampa ya mbele.

Basi faida iko wapi? Iko kwenye mwendo mrefu na kwenye lami iliyochanganyika. Chukua safari ya Mombasa kwenda Nairobi. Ukitoka Changamwe hadi kupita Mariakani uko katikati ya malori, na lami ambayo malori yamepita miaka mingi hufanya mitaro mirefu ya magurudumu na mawimbi. Gari la spoti lenye shoki ngumu zisizobadilika hurukaruka juu ya mawimbi hayo, na kila likiruka, tairi hupungukiwa na mshiko. Lenye shoki laini zisizobadilika halirukiruki, lakini ukitaka kulipita lori na kurudi haraka mahali pako, bodi huyumba kwanza ndipo itulie. Mfumo unaojirekebisha hukupa yote mawili, na hapo ndipo pesa yake inapoonekana. Baada ya saa sita barabarani, aliyekaa ndani yake hushuka akiwa bado na mgongo wake. Kwa mtu anayekwenda Nairobi mara mbili kwa mwezi, hili si anasa.

Faida nyingine ni breki na kukwepa. Shoki ni kitu cha usalama kabla ya kuwa kitu cha starehe, na hili watu wetu hulisahau. Tairi lisilokaa chini halishiki breki. Shoki iliyochoka hurefusha masafa ya kusimama hata kama pedi ni mpya. Mfumo unaojirekebisha, ukiwa mzima, huzuia pua isizame na mkia usiinuke unapokanyaga breki kwa nguvu, na gari hubaki sawa.

Lakini kwenye shimo lenye ncha kali, lile lililokatwa na mvua za masika na kujaa maji usilione, mfumo huu hauna msaada mkubwa. Pigo la aina hiyo huja kwa ghafla na hupokewa kwanza na tairi na rimu. Na hapo tunafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko kitufe chochote: ubavu wa tairi.

Soma namba zilizoandikwa kwenye tairi. Tairi la 225/40 R18 maana yake upana ni milimita 225 na urefu wa ubavu ni asilimia 40 ya upana huo, yaani milimita 90. Hizo milimita 90 za mpira na upepo ndizo mto kati ya rimu yako na shimo. Tairi la 225/35 R19, ambalo huvaliwa na gari lile lile kwa ajili ya urembo, ubavu wake ni milimita 79 hivi. Rudi chini hadi 225/45 R17 na unapata 101. Tofauti kati ya rimu ya 17 na ya 19 ni zaidi ya sentimita mbili za mto, na magurudumu yote hayo yana kimo kinachokaribiana, kwa hivyo kwa jicho gari halishuki wala halipandi. Aliyewahi kupindika rimu usiku mahali pasipo na fundi anajua thamani ya sentimita mbili.

Mfano mzuri ni Honda Civic Type R iliyotoka mwaka 2017. Ilikuja na shoki zinazojirekebisha na hali tatu za mwendo, na kweli katika hali ya starehe ni gari la kistaarabu kuliko lile lililolitangulia. Lakini ilivalishwa matairi ya 245/30 R20, ubavu wa milimita 73 na kitu. Kwa lami ya Ulaya na Japani, sawa. Kwa huku kwetu, kompyuta inalainisha shoki huku rimu inakaribia kugonga ardhi. Hata Honda wenyewe, walipotoa Type R iliyofuata, walishuka hadi rimu ya inchi 19 na tairi la 265/30, ubavu ukaongezeka kidogo.

Na mara nyingi mambo haya mawili huuzwa pamoja. Kule lilikonunuliwa gari likiwa jipya, mnunuzi aliyelipia saspensheni nzuri ndiye huyo huyo aliyelipia rimu kubwa. Matokeo yake ni kioja: gari lenye shoki bora ndilo lenye matairi mabaya kwa barabara zetu. Ukiliendesha dakika kumi ukalinganisha na lile la kawaida lenye rimu ndogo, huenda ukaona la kawaida ndilo laini zaidi, ukafikiri mfumo ni uongo. Si uongo. Umezibwa na rimu.

Sasa tuingie kwenye umri, maana hapa ndipo pesa za watu hupotelea. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa kuwa jipya zaidi ni ghali zaidi, wengi huagiza lililokaribia mpaka huo. Maana yake unaponunua gari la spoti "jipya" hapa Mombasa, shoki zake zina miaka sita, saba. Watengenezaji wengi wa shoki hushauri zikaguliwe kila kilomita 20,000, kwa sababu huchoka polepole na dereva huzoea bila kujua. Shoki ya kawaida ikichoka, unabadilisha, unalipa, unasahau. Inayojirekebisha ina vitu vingine vya kuchoka: vali au koili, waya, sensa za kupima kimo zilizoshikizwa kwenye mikono ya chini karibu na matope, na kompyuta yenyewe. Na sisi tunaishi kando ya bahari. Chumvi ile inayokula mabati na grili za madirisha haibagui plagi za waya zilizo chini ya gari. Plagi ikishika kutu ya kijani, taa ya tahadhari huwaka kwenye dashibodi, na mfumo hujifungia kwenye ugumu mmoja hadi utengenezwe. Wakati mwingine tatizo ni plagi ya shilingi chache. Wakati mwingine ni shoki nzima, na haishonwi. Ile yenye mafuta ya chembe za chuma ndiyo usiseme; ikivuja, hakuna fundi wa kuijazia mafuta pembeni mwa barabara.

Kwa hivyo kabla hujalipa amana, fanya hesabu hii, na uifanye kwa karatasi. Tafuta bei ya shoki nne za mfumo huo, kwa namba ya spea inayolingana na chesisi ya gari lenyewe, zikiwa zimefika Mombasa na ushuru umelipwa. Bilstein na Sachs huuza za kubadilishia kwa magari mengi, si lazima ziwe za boksi la kampuni ya gari. Kisha tafuta bei ya shoki nne za kawaida za gari lile lile. Tuseme, na hizi ni tarakimu za mfano tu, gari lenye mfumo limezidi bei kwa Sh150,000. Shoki yake moja ni Sh60,000 na ya kawaida ni Sh15,000. Seti ya kwanza ni Sh240,000, ya pili Sh60,000. Ukijumlisha na ile nyongeza ya bei, kitufe kimekugharimu Sh330,000 zaidi, na bado hujahesabu fundi wa umeme. Weka tarakimu zako za kweli mahali pa hizi zangu. Jumla ikikutisha ukiwa umekaa nyumbani, itakutisha zaidi ukiwa gereji.

Wapo wanaoikwepa gharama hiyo kwa ujanja. Shoki zikifa, hutolewa, gari huvalishwa za kawaida, na kwenye plagi za waya hufungwa kifaa kidogo kinachoidanganya kompyuta kwamba kila kitu kipo. Vifaa hivyo huuzwa halali, na mwenye gari akiamua kufanya hivyo kwa gari lake mwenyewe ni haki yake. Tatizo ni pale gari hilo linapouzwa kwa mtu mwingine kama lenye mfumo kamili. Kitufe kipo, maandishi kwenye skrini yanabadilika kutoka starehe hadi spoti, taa haiwaki, na chini hamna kitu. Mnunuzi amelipia maandishi.

Kujua ukweli hakuhitaji utaalamu mkubwa. Kwanza, usiamini kitufe. Magari mengi yana kitufe cha kubadilisha hali ya mwendo ambacho hugusa usukani, injini na giaboksi tu, wala hayajawahi kuwa na shoki za umeme tangu kiwandani. Golf ni mojawapo. Tumia namba ya chesisi kuuliza orodha ya vifaa gari lilivyotoka navyo kiwandani. Pili, lipandishe gari kwenye jeki uangalie: shoki inayojirekebisha ina waya unaoingia ndani yake, ubavuni au kwenye ncha ya juu. Hakuna waya, hakuna mfumo. Waya ukiishia kwenye kijisanduku kilichofungwa kwa zipu za plastiki, umeshajua kilichofanyika. Angalia pia mafuta. Shoki yenye vumbi kavu ni nzuri. Yenye vumbi lililoganda kwa mafuta imeanza kuvuja.

Tatu, washa switchi bila kuwasha injini. Taa za tahadhari huwaka zote kidogo kisha huzima. Kama ya saspensheni haiwaki kabisa, hata kwa sekunde, uliza kwa nini. Halafu lipia fundi mwenye mashine asome kompyuta ya shoki, si ya injini peke yake, maana makosa ya zamani hubaki yameandikwa humo hata kama taa imezimwa. Nne, kama muuzaji ana namba za majaribio na anakuruhusu kutoka nje, tafuta tuta moja, livuke kwa mwendo ule ule mara mbili, mara ya kwanza katika hali ya starehe na mara ya pili katika hali ya spoti. Tofauti inapaswa kuhisiwa na makalio, si kusomwa kwenye skrini. Mpeleke na mtu mwingine akae nyuma. Nyuma ndiko ukweli unakosikika zaidi. Muuzaji anayekataa haya yote amekujibu.

Nisije nikaonekana kana kwamba gari la spoti bila mfumo huu ni nusu gari. Mazda MX-5 haijawahi kuwa nao katika umbo lake la sasa, na watu wanaojua kuendesha wanaisifu kwa namna inavyopita kona. Siri yake ni uzito: ina tani moja hivi, na chombo chepesi hakihitaji springi ngumu ili kitulie. Toyota 86 ya kwanza nayo ilikuja na shoki za kawaida kabisa. Kompyuta za shoki zina manufaa makubwa zaidi kwenye magari mazito yenye nguvu nyingi, ambayo mtengenezaji anataka yawe ya spoti na ya familia kwa wakati mmoja. Kadiri gari linavyokuwa jepesi na rahisi, ndivyo unavyozidi kulipia kitu ambacho usingekikosa.

Hii ndiyo maana jibu si moja kwa watu wote. Anayetaka gari la kutembelea Jumapili, Nyali hadi Bamburi na kurudi, asijisumbue. Kilomita chache za mjini, matuta kila baada ya nyumba kadhaa, mwendo wa polepole: hapo shoki nzuri za kawaida na tairi lenye ubavu vinamtosha. Anayekwenda Malindi kwa biashara mara tatu kwa wiki, au Nairobi kila mara, na ana gari la tani moja na nusu lenye nguvu, huyo nitamwambia alipie, akishakagua. Anayetaka kushusha gari kwa springi fupi aache kabisa. Ukishaweka springi fupi, shoki ya kiwandani inafanya kazi nje ya mahali ilipopimiwa, sensa za kimo zinasoma uongo, na mfumo uliolipia unaudhuru kwa mkono wako. Ukitaka gari la chini, nunua la kawaida ulishushe. Ni nafuu kwa kila mtu, ukiwemo mgongo wa abiria wako.

Mpwa wangu nilimwambia hivi. Gari lenye DCC ni bora kuliko la pili, lakini si kama lilivyosimama pale yadini. Alikague kwa njia nilizozitaja. Likipita, atenge kando pesa za seti moja ya shoki kabla ya kuhesabu kwamba gari ni lake, kisha auze zile rimu za inchi 19, ambazo hapa mjini hazikosi mnunuzi, na avalishe za 17 zenye matairi mazuri. Ahakikishe tu rimu ya 17 inapita juu ya breki zake bila kugusa, kwa maana baadhi ya GTI zilitoka na breki kubwa zaidi na si kila rimu ya 17 inakubali. Kama akiba yake haifiki hapo, achukue lile la inchi 18 lisilo na kitufe, abadilishe shoki zote nne na bushi zilizochoka mara moja, na mamake atakwenda kliniki kwa raha kuliko kukaa kwenye lile lingine likiwa na shoki za miaka saba.

Aliniuliza kama la kawaida halitamkumbusha Doha. Halitamkumbusha. Lakini hata lenye kitufe halitamkumbusha, kwa sababu alichokuwa akikihisi kule kwa sehemu kubwa ilikuwa lami.

La mwisho ni la matumizi, kwa atakayeamua kununua. Magari mengi yenye mfumo huu hukuruhusu kuchanganya: injini na usukani katika hali ya spoti, shoki katika hali ya starehe. Ferrari wana kitufe maalumu kwenye usukani cha barabara mbovu kinachofanya hivyo hivyo, kulainisha shoki bila kupunguza ukali wa injini; kwa hivyo usione haya. Kwenye Golf, hali hiyo huwekwa mara moja kwenye skrini. Iweke siku ya kwanza. Hali ya ugumu wa mwisho iachie kiwanja cha mashindano, maana kwenye lami yetu gari gumu si gari lenye mshiko. Na kila ukiosha gari, hasa kama unaishi karibu na maji, mwambie muoshaji asafishe chini pia kwa maji baridi yasiyo na chumvi bila kuelekeza mpira wa presha moja kwa moja kwenye plagi za waya. Kila ukifanya sevisi, mwambie fundi afungue plagi hizo, azipulizie dawa ya kuzuia kutu, na azifunge tena.